Jibu: Je, michoro ya karne ya 19 ya vyombo vya udongo vya London inaaminika?

Ndugu, umeuliza kama michoro ya zamani inatosha kutambua vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo, vya Enzi za Kati vilivyofukuliwa jijini London. Kwa maoni yangu inatosha kwa umbo, lakini haitoshi kwa tarehe.

Wachoraji wa wakati huo walikichora chombo kama kinavyoonekana mezani, kwa vivuli vizuri, bila kuonyesha mkato wa ukuta wake, yaani jinsi ukuta ungeonekana kama chombo kingekatwa wima. Leo mchoro wa Kiingereza huweka mkato huo upande wa kushoto na sura ya nje upande wa kulia, hivyo unene, mdomo na kitako hupimika. Tena, watu kama Charles Roach Smith, mfamasia ambaye mkusanyiko wake ulinunuliwa na British Museum mwaka 1856 kwa pauni 2,000, walipata vitu vingi kwa vibarua waliochimba mifereji ya maji taka na misingi ya majengo, ambako tabaka la udongo, ambalo husaidia kujua tarehe ya kitu, halikuandikwa kwa utaratibu wa leo.

Hata hivyo, usiidharau michoro hiyo. Jagi la Saintonge la rangi nyingi, lililoletwa kutoka kusini-magharibi mwa Ufaransa pamoja na biashara ya mvinyo mwishoni mwa karne ya 13, hutambulika mara moja likichorwa kwa rangi, kwa sababu ya ndege wake wa kijani na ngao za njano. Mchoro wa wino mweusi pekee hupoteza ushahidi huo. Hapo tafuta kigae chenyewe, ukague udongo wake.