Kabla hujaitia sarafu kwenye siki, igeuze

Sarafu ya kwanza niliyoitia siki haikuhitaji siki. Naanza na kosa hilo kwa sababu kila anayeniuliza namna ya kurudisha mwaka uliofutika kwenye sarafu anaulizia asidi kwanza, na mimi nilianzia hapohapo.

Ilikuwa senti 5 ya Marekani, ile yenye kichwa cha mwenyeji wa asili wa Amerika upande mmoja na nyati upande wa pili. Wakusanyaji tunaiita nikeli ya nyati. Zilitengenezwa kuanzia 1913 hadi 1938, na msanii wake, James Earle Fraser, aliuweka mwaka begani mwa yule mtu, mahali palipoinuka. Kila mfuko na kila kiganja kilisugua hapo kwanza. Ukinunua fungu la sarafu hizi, nyingi utazikuta bega limelainika kama kokoto ya mtoni.

Basi nikaitumbukiza kwenye bilauri ya siki, nikalala. Asubuhi siki ilikuwa na rangi ya kijani-buluu, sarafu imefifia na kuwa nyekundu-nyekundu, na pale begani nikasoma 1913. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipoigeuza. Nyati alikuwa amesimama juu ya kilima kidogo, na maneno FIVE CENTS yako juu ya kilima hicho. Muundo huo ni wa 1913 peke yake. Mwaka huohuo walikiondoa kilima, nyati akasimama juu ya mstari ulionyooka, maana maandishi yale yalikuwa yanalika upesi. Jibu nililolitafuta usiku kucha lilikuwa mgongoni mwa sarafu, nami nimeichuna ngozi bure.

Kwa hiyo igeuze kwanza. Ukiwa hapo angalia pia chini ya FIVE CENTS, penye alama ya mji ilikotengenezwa: herufi D ni Denver, S ni San Francisco, na pasipo herufi ni Philadelphia. Kisha zima taa ya chumba, washa tochi, uilaze karibu sawasawa na meza ili mwanga upite juu ya bega kwa ubavu. Izungushe sarafu polepole. Mara nyingi kivuli cha mkia wa 9 au tumbo la 6 hujitokeza, na ukishapata tarakimu mbili za mwisho kazi imekwisha.

Ikishindikana, ndipo asidi. Haijengi upya kilichokwisha. Sarafu hii ni shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25, na chapa ilipoigonga, metali iliyo chini ya tarakimu ilikandamizwa tofauti na ile ya pembeni. Tarakimu zikiisha, ule mkandamizo unabaki ndani, na asidi inakula sehemu hizo mbili kwa kasi tofauti. Unachokiona ni kivuli cha mwaka.

Siku hizi siitumbukizi sarafu nzima. Nachukua kipande cha pamba, nakilowesha siki ya kawaida ya asilimia 5, nakilaza juu ya mwaka tu, nakiongeza siki kinapokauka. Naangalia kila baada ya saa chache, na huenda ikachukua siku nzima au zaidi. Tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, linaharakisha sana, lakini mvuke wake unawasha macho na koo: fungua madirisha, vaa glavu na miwani, wala usifunike chombo kikaziba. Dawa ya kung'arisha nguo isikaribie hapo kabisa, kwa sababu ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini. Na ile bilauri usiinywee tena. Maji yale ya kijani yana shaba iliyoyeyuka.

Mwaka ukijitokeza, suuza sarafu kwa maji yenye magadi soda kidogo, kisha kwa maji matupu, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa. Usisugue. Piga picha papo hapo, maana kivuli hicho kinaweza kufifia tena. Ukisoma 1922, 1932 au 1933, soma upya: miaka hiyo nikeli ya nyati haikutengenezwa.

Kuhusu thamani, usijidanganye. Ya mwaka wa kawaida ikishaguswa na asidi, mkusanyaji makini haitaki. Adimu kama ya 1926 yenye S, zilizotoka 970,000 tu, bado hupata mtu wa kuijazia pengo kwenye albamu, kwa bei ya chini mno kuliko ile ambayo haijaguswa. Hata hivyo lazima umwambie mnunuzi.

Ile ya 1913 sijaiuza. Iko kwenye bahasha yake ndogo, na juu nimeandika kwa penseli: kilima, siki, usiku mmoja.