Picha za soko la zamani zisizo na tarehe: nitajuaje zilipigwa lini?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Marehemu baba yangu mdogo alikuwa akikusanya picha, na ameniachia sanduku zima la picha za mtaa wa soko la zamani wa jijini kwetu: wachuuzi, wapagazi, vibanda, mikokoteni. Nyingine zimegundishwa kwenye kadi ngumu, nyingine ni negativu za vioo na za filamu, na filamu chache zinanuka siki. Karibu zote hazina tarehe. Tunaandaa maonyesho, na wenzangu wanataka tuandike “miaka ya 1930” chini ya kila picha, kisha tuzitie rangi kwa programu ya kompyuta. Kuna njia ya kujua mwaka halisi? Na hizo za siki nizifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na filamu za siki, maana hizo hazitangoja maonyesho yenu. Harufu hiyo hutoka kwenye filamu ya asetati (aina ya plastiki) inayooza, na asidi yake huharakisha kuoza kwa filamu zilizo jirani. Zitoe sandukuni leo, uzitie kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, na uziweke peke yake mahali pa baridi, pakavu na penye hewa. Usizifungie kwenye mfuko wa plastiki. Kuoza huko hakuponi. Baridi hupunguza kasi tu. Kwa hiyo ziskani hizo kabla ya nyingine zote.

Wakati unazitenga, soma maandishi yaliyo ukingoni mwa kila filamu. Penye neno SAFETY, kwa kawaida ni asetati. Filamu isiyo na neno hilo, hasa ikiwa imegeuka kahawia au inanata, huenda ni ya nitrati, aina ambayo kampuni ya Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1951. Hiyo ni hatari kweli. Hushika moto upesi, na moto wake hauzimwi kwa kuunyima hewa, kwa sababu filamu yenyewe hutoa oksijeni inapoungua. Usiiweke juu ya taa yenye joto, usiilundike, na wasiliana na hifadhi ya nyaraka ya taifa lako kabla ya kuihamisha.

Sasa tarehe. Kwanza tenganisha siku picha ilipopigwa na siku iliposafishwa kwenye karatasi. Mpiga picha Mfaransa Eugène Atget alizunguka Paris na kamera ya vioo vya sentimita 18 kwa 24, akipiga wachuuzi, vibanda na vichochoro vya jiji la kale. Alifariki mwaka 1927, na Berenice Abbott, mpiga picha Mmarekani aliyenunua sehemu kubwa ya kazi zake, akasafisha picha mpya kutoka kwenye vioo vilevile. Ukishika mojawapo ya picha hizo, karatasi itakupa umri wa kazi ya Abbott, na barabara inayoonekana itakupa umri wa kazi ya Atget. Maelezo mazuri hutaja yote mawili.

Basi chunguza karatasi kabla hujavutwa na kilichomo pichani. Weka lenzi ya kukuza juu ya sehemu nyeupe. Ukiona nyuzi za karatasi, rangi imeelekea manjano, na karatasi ni nyembamba kiasi cha kuhitaji kugundishwa kwenye kadi, yaelekea hiyo ni picha ya ute wa yai, mbinu iliyotangazwa na Mfaransa Blanquart-Evrard mwaka 1850 na kutumika sana hadi miaka ya 1890. Ikiwa nyuzi zimefunikwa na tabaka jeupe, na sehemu za giza zinameta rangi ya fedha ukiinamisha picha, hiyo ni jelatini, iliyotawala karne ya 20. Karatasi yenye ngozi ya plastiki ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 au baadaye. Ukipata taa ya mwanga wa urujuanimno, izimulikie gizani: karatasi inayong’aa kwa weupe wa samawati ina viang’arisho ambavyo viwanda vilianza kuvitia karibu na 1950. Isiyong’aa haikuambii lolote, kwani si karatasi zote zilitiwa.

Kwenye vioo, angalia kingo. Dawa iliyomiminwa kwa mkono huacha kingo zisizo sawa, na hiyo ni kolodioni ya majimaji (dawa nzito iliyopakwa kiooni na kutumika ikiwa bado mbichi), iliyoanza 1851. Kioo kikavu cha kiwandani, kilichotokana na ugunduzi wa Richard Maddox wa 1871, utando wake umetandazwa sawasawa. Na kama kuna kadi za posta, geuza mgongo. Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani vikae upande mmoja mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kadi yenye mstari katikati haikuchapwa kabla ya hapo katika nchi hizo.

Ukiingia ndani ya picha sasa, ujue kwamba mtaa wa soko hupotosha kuliko mtaa mwingine wowote, kwa sababu sokoni hakuna kinachotupwa. Mizani hurithiwa, mkokoteni hutiwa magurudumu mapya, koti lililovaliwa na tajiri huishia mgongoni mwa mpagazi miaka mingi baadaye. Wenzako wameona mizani ya kizamani na kofia za kizamani wakasema 1930. Kitu cha zamani hakithibitishi chochote. Tafuta kitu kipya kuliko vyote: nguzo ya umeme, gari, tangazo la bidhaa, ghorofa lililoongezwa. Picha haiwezi kuwa ya kabla ya hicho. Kisha tafuta kilichobomolewa au kuhamishwa, kwa sababu picha haiwezi kuwa ya baada ya hapo. Soko la Les Halles la Paris linaonyesha vizuri: sehemu kubwa ya biashara ya jumla ilihamia Rungis, nje ya jiji, mwaka 1969, na mabanda ya chuma yakaanza kubomolewa 1971. Picha ya wapagazi wakishusha mboga ndani ya mabanda hayo ni ya kabla ya kuhama. Ikionyesha mabanda yamegeuzwa ukumbi wa sanaa, umeibana ndani ya miaka miwili au mitatu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni ubao wa duka. Kuza skani mpaka jina lisomeke, kisha lifuatilie kwenye daftari za leseni za biashara, vitabu vya anwani za jiji na ramani za bima ya moto. Tuseme duka la kushoto limeandikwa mahali hapo tangu 1921 hadi 1934, na jirani yake tangu 1929 hadi 1940. Picha yenye mbao zote mbili ni ya kati ya 1929 na 1934. Ongeza ubao wa tatu, na nafasi itazidi kubana. Herufi zikisomeka kinyume, negativu iliwekwa upande usio wake. Igeuze kwanza, la sivyo utatafuta duka upande usio sahihi wa barabara.

Usidanganywe na barabara tupu. Katika picha ya Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris, ya 1838, watu na magari ya farasi yaliyokuwa yakipita yamepotea kwa sababu kamera ilihitaji dakika kadhaa. Amebaki mtu aliyesimama akipigiwa buti rangi. Vivuli vya ukungu kati ya vibanda ni wateja waliokuwa wakitembea. Usiandike “soko likiwa limefungwa”.

Jambo hilo linanileta kwenye rangi, na hapa nakusihi usikubali. Vioo vya zamani havikuona rangi kama macho yetu. Vilikuwa havihisi nyekundu, kwa hiyo pilipili mbivu au kanga nyekundu hutoka karibu nyeusi, huku bluu ikitoka nyeupe. Programu haijui hilo. Itamvika mchuuzi nguo nyeusi ambayo hakuwahi kuivaa, na watazamaji watakumbuka nguo hiyo kama ukweli.

Skani kwa rangi, hata picha isiyo na rangi, ili umanjano wa karatasi ubaki kwenye rekodi. Nukta 600 kwa inchi zinatosha picha za karatasi. Filamu ndogo ya milimita 35 ipewe 3000 hadi 4000. Faili mama iwe TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha) isiyoguswa, na marekebisho yafanyike kwenye nakala. Mgongo wa kila picha uskaniwe pia.

Chini ya picha andika “kati ya 1929 na 1934, kwa ushahidi wa mbao mbili za maduka, imesafishwa baada ya 1950”. Penye ushahidi wa upande mmoja, andika “si kabla ya 1929” na uishie hapo.

Kisha wapelekee wazee waliofanya biashara pale nakala zilizokuzwa, picha zenyewe zibaki nyumbani. Usiwatajie mwaka unaoudhani. Waulize nani aliuza wapi, nani alikuwa jirani yake, njia ya mizigo ilipita upande gani. Andika jina la aliyekueleza na siku aliyokueleza, katika safu tofauti na ile ya maelezo yako.