Je, Kulia na Kusema "Naumwa" Kunaharibu Subira ya Mgonjwa wa Saratani?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wangu. Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Tanga. Mwaka jana niligundulika nina saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu. Nimemaliza mionzi na dripu za dawa pale Ocean Road, Dar es Salaam, sasa niko nyumbani nasubiri kurudi kupimwa. Kinachonitesa siku hizi si mwili peke yake. Wifi yangu akinikuta nalia, au akinisikia namweleza jirani ninavyojisikia, huniambia namshitaki Mungu kwa viumbe na subira yangu imeharibika. Mume wangu na kaka zangu nikitaja wasia wananikatiza: "Acha, unajichuria," yaani najiitia mkosi. Binti yangu ana miaka 14, tumemwambia nina vidonda vya tumbo. Je, dini inanitaka ninyamaze? Nimwambie mtoto au nisimwambie? Na mara nyingine hutokwa na damu, sijui kama nasali au la.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Namwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa Arshi tukufu, akuponye.

Nianze na hiyo damu, maana jibu lake ni fupi na sipendi uendelee kuhangaika nayo kila adhana inapolia. Damu inayotokana na maradhi si hedhi. Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alimweleza Mtume (s.a.w.) kuhusu damu isiyokatika, naye akamwambia huo ni mshipa tu, si hedhi. Wakati wa sala ukiingia, jisafishe, jizuie kwa pedi, tawadha, usali, hata kama itatoka ukiwa umo ndani ya sala. Ukishindwa kusimama, kaa. Ukishindwa kukaa, lala ubavu. Na kama ulikuwa na nyuradi (dhikri za kila siku) au funga za sunna ambazo mwili sasa umezikataa, usizililie. Amepokea Bukhari kutoka kwa Abu Musa (r.a.) kwamba mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na yuko kwake.

Sasa tuje kwenye machozi. Bila shaka wifi yako ana nia njema, na yawezekana anaitegemea kauli ya Nabii Yaaqub (a.s.) katika Sura Yusuf: "Hakika mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu." Aya hii husomwa sana kwa wagonjwa, na husomwa imekatwa. Irudie kutoka nyuma kidogo. Katika aya ya 84 Yaaqub anasema kwa sauti, "Ewe huzuni yangu juu ya Yusuf!" na macho yake yanageuka meupe kwa majonzi. Aya ya 85 wanawe wanamjia juu: wallahi hutaacha kumtaja Yusuf mpaka uugue au uangamie. Yaani nao walikuwa wakimwambia baba yao anajichuria! Ndipo katika aya ya 86 akawajibu kwamba mashitaka yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini aliyasema hayo mbele yao, wakamsikia, wakajua baba yao ameumia kiasi gani. Na aya inayofuata, pumzi ile ile, anawaambia: enyi wanangu, nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu.

Tazama hapo. Mtu ambaye macho yamemharibika kwa kulia ndiye huyo huyo anayewatuma watoto wakatafute. Na ndiye aliyesema mwanzoni mwa sura, "Subira njema." Qur'ani haikuona mgongano wowote kati ya hayo.

Nabii Ayyub (a.s.) alisema, "Mimi imenigusa dhara, nawe ni Mwenye kurehemu zaidi ya wote wanaorehemu." Alitaja dhara, na bado Mwenyezi Mungu akamwita mwenye subira. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipokuwa na homa, Ibn Mas'ud (r.a.) aliingia, akamgusa kwa mkono wake, akasema, "Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, una homa kali." Hakumjibu "aah, sijambo". Alimjibu, "Ndiyo, mimi napatwa na homa kama wanavyopatwa watu wawili katika nyinyi." Siku nyingine Bibi Aisha (r.a.) alilia, "Ole wangu, kichwa changu!" naye Mtume akasema, "Bali mimi, ole wangu kichwa changu!" Mke na mume, kila mmoja anamwambia mwenzake kinachomuuma. Imamu Bukhari aliziona Hadithi hizi, akazifungulia mlango wake maalumu: yaliyoruhusiwa mgonjwa kusema, kama vile "mimi naumwa" na "maumivu yamenizidi".

Huenda wifi yako amesikia kisa cha Imamu Ahmad bin Hanbal, kwamba aliambiwa katika maradhi yake kuwa Tawus, mwanachuoni wa kabla yake, alichukia mgonjwa kuguna, naye akanyamaza mpaka alipofariki. Kisa hicho kipo. Hiyo ilikuwa daraja yake na hiari yake. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafi'i wa mwambao ndiye tunayemtegemea, aliidhoofisha kauli ya kwamba kuguna ni makruhu (jambo lenye kuchukiza kisheria), kwa kuwa hakuna katazo lililothibiti. Alichoona ni bora tu ni mgonjwa kushughulika na dhikri. Basi asitwikwe mama anayeumwa usiku kucha mzigo ambao sheria haikumtwika.

Kilichokatazwa kinajulikana: kujipiga mashavu, kuchana nguo, kupiga mayowe ya kijahilia, na kusema kwamba Mungu amenionea. Lile wazo la "kwa nini mimi?" likikupitia saa nane za usiku, usidhani umekufuru. Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yanayopita nafsini maadamu mtu hakuyatamka wala kuyafanyia kazi. Na kumweleza jirani yako, au daktari, au mwenzako mliyekuwa mkisubiri pamoja benchi la mionzi, huko ni kutafuta msaada na liwazo, si kumshitaki Mola wako.

Kuhusu wasia, dada yangu, nitakusimulia jambo langu mwenyewe, na nalisimulia kwa majuto. Shangazi yangu aliugua saratani ya titi. Alasiri moja nilikwenda kumtazama, akaniashiria nikae mkekani karibu yake. Alikuwa akiuviringisha upindo wa kanga kwenye kidole, anauachia, anauviringisha tena. Akasema, "Mwanangu, nikiondoka mimi…" Sikumwacha amalize. Nikamwambia, "Shangazi, usiseme hivyo, inshallah utapona," nikanyanyua mikono na kuanza dua, dua ndefu, kwa sauti. Aliitikia amina. Nilipomaliza akasema, "Haya," akaniomba maji ya kunywa. Hakulirudia tena lile neno.

Wiki mbili baada ya kumzika, jirani yake alikuja nyumbani, amejitanda ushungi mpaka puani kwa haya. Marehemu alikuwa katika mchezo wa pesa wa wanawake wa mtaani. Aliomba apewe zamu yake mapema, apate nauli na fedha za matibabu, na bado alidaiwa mizunguko minne. Siku ya maziko tulipotangaza anayemdai ajitokeze, yule mama aliona aibu. Tulilipa siku ile ile, alhamdulillah. Lakini mimi ni mtu ninayewasomesha watu Hadithi ya kwamba nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake, na nilikuwa nimeitumia dua kumziba mdomo mwanamke aliyetaka kuitoa nafsi yake katika kifungo hicho. Tangu hapo nikiingia kwa mgonjwa huuliza kwanza, "Una neno?" Kisha hungoja.

Watu hutegemea Hadithi isemayo kwamba mkiingia kwa mgonjwa mpeni matumaini ya umri. Ameipokea Tirmidhi, na sanad yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu. Hata ingekuwa sahihi, kumpa mgonjwa matumaini na kumkataza kusema ni mambo mawili tofauti.

Iliyo sahihi ni habari ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.), naye ndiye ninayetaka mumeo na kaka zako wamsome. Aliugua Makka mwaka wa Hija ya kuaga, akaona kifo kimemkaribia. Mtume (s.a.w.) alipokuja kumtazama, jambo alilolitaja Saad lilikuwa mali: mimi nina mali, na mrithi wangu ni binti yangu mmoja tu, je, niusie yote? Mtume hakumwambia "acha hayo, utapona". Alikaa naye katika mazungumzo hayo: si yote, wala si nusu, thuluthi, na thuluthi ni nyingi. Kisha akamwambia huenda ukaishi, watu wengine wakanufaika nawe. Akaweka mkono wake juu ya paji la uso la Saad, akampangusa uso na tumbo, akasema, "Ewe Mola, mponye Saad." Saad alikuwa akisema katika uzee wake kwamba bado anausikia ubaridi wa mkono ule kwenye ini lake. Aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya kuandaa wasia ule, na ndiye aliyeongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya. Wasia haukumchuria.

Kwa hiyo usia. Binti yako na mumeo ni warithi, wana mafungu yao, wala hawausiwi. Asiyekurithi waweza kumwachia kitu ndani ya thuluthi. Madeni yaandike yote, hata ya dukani, mbele ya mashahidi wawili. Na ukipona, karatasi hiyo haitakupunguzia kitu.

Huyo binti yako nimemfikiria kuliko yote. Mtoto wa miaka 14 anaona. Anamwona mama amekonda, anasikia simu zinazopokelewa nje uani, na mumchukulie kuwa anajua kuna neno, isipokuwa hana wa kumuuliza. Mtume (s.a.w.) katika maradhi yake ya mwisho alimwita Bibi Fatima (r.a.), akamnong'oneza, naye akalia. Akamnong'oneza tena, akacheka. Baadaye Fatima alieleza: mara ya kwanza baba alimwambia kwamba atafariki kwa maradhi yale, na mara ya pili kwamba yeye ndiye wa kwanza katika watu wa nyumba yake atakayemfuata. Fatima alikuwa mtu mzima, na binti yako bado mdogo, basi maneno yapunguze kwa kadiri yake. Lakini chukua ule utaratibu: alimwita karibu, akamwambia yeye mwenyewe asije akasikia kwa wengine, akamwacha alie, na hakumwacha hapo kwenye kilio. Mwambie jina la maradhi. Mwambie yaliyofanyika na yanayosubiriwa. Akikuuliza "utakufa?" usimwapie kwamba hufi, maana hilo si lako. Mwambie umri uko kwa Mwenyezi Mungu, unatibiwa, na unamwomba akubakishe uendelee kumlea.

Kuna sababu nyingine ya kumwambia. Katika jamii zetu ikitajwa saratani ya mlango wa kizazi wapo wanaonong'ona mambo ya zinaa. Waogope Mwenyezi Mungu. Kirusi kinachosababisha karibu saratani hizi zote kimeenea mno, na mke aliyetulia katika ndoa yake hukipata. Anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi bila mashahidi wanne, hukumu yake iko wazi mwanzoni mwa Sura Nur. Na chanjo ya kumkinga binti na kirusi hicho ipo, Tanzania ilianza kuitoa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Mtoto atakayekua akiogopa hata kulitaja jina la maradhi ya mama yake atawezaje kwenda kupimwa akiwa mkubwa?

Na matumaini? Yashike kwa mikono miwili. Siku tatu kabla ya kufariki, Mtume (s.a.w.) alisema asife mmoja wenu ila awe na dhana njema kwa Mwenyezi Mungu. Dhana njema si kujilazimisha kusema "nimeshapona". Ni kuamini kwamba Mola wako hatakupoteza, ukiponywa au ukichukuliwa. Maumivu yakikuzidi mpaka ukatamani kufa, usiombe kifo, omba kama alivyofundisha: "Ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na unifishe ikiwa kufa ni kheri kwangu." Na tarehe ya kupimwa usiikose. Nimewaona watu walioacha mionzi katikati wakaahidiwa kupona kwa kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya aya) na mizizi, wakarudi hospitali maradhi yamekwisha sambaa. Kunywa kombe ukitaka, kwa aya za Qur'ani, lakini lisichukue nafasi ya daktari. Mtume ametuamrisha tujitibu.

Uthman bin Abil-As (r.a.) alimlalamikia Mtume maumivu aliyoyapata mwilini mwake, na neno "alilalamika" ndilo lililotumika katika Hadithi yenyewe, katika kitabu cha Imamu Muslim. Hakukaripiwa. Aliambiwa aweke mkono panapouma, aseme Bismillah mara tatu, kisha mara saba: A'udhu billahi wa qudratihi min sharri ma ajidu wa uhadhiru. Maana yake, najikinga kwa Mwenyezi Mungu na uwezo wake na shari ya hiki ninachokisikia na ninachokihofia. Vyote viwili vimetajwa humo, maumivu na hofu. Isome usiku wa leo, mkono wako tumboni. Na ukishamwambia binti yako, mfundishe ile ya mwenye kumtazama mgonjwa, As'alullahal-adhim, Rabbal-arshil-adhim, an yashfiyaki, mara saba, naye akusomee.

Wallahu a'alam.