Red Hat, SUSE au Ubuntu: anza na programu utakayoiendesha

Ndugu, umeuliza uchukue ipi kati ya Red Hat, SUSE na Ubuntu, mifumo endeshi mitatu ya Linux, kwa seva mbili za hifadhidata kazini. Kabla ya kulinganisha bei, soma orodha ya mifumo ambayo mtengenezaji wa hifadhidata ameithibitisha. Kama ni Oracle Database, Red Hat na SUSE zimo, Ubuntu haimo.

Niliwahi kupuuza hilo. Saa nane usiku hifadhidata ikagoma kuwaka. Nikampigia simu mtengenezaji wa hifadhidata kuomba msaada, nikaulizwa toleo la mfumo, nikajibiwa kwamba hawalihudumii. Nilibaki na faili za logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) hadi alfajiri.

Ikiwa programu yako inakubali zote, mimi ningechukua SUSE kwa sababu ya Snapper, zana yake ya kurudisha mfumo nyuma. Ukiiacha diski ya mfumo kwenye Btrfs (mpangilio wa kuhifadhi faili), Snapper inahifadhi hali ya mfumo kabla na baada ya kila sasisho. Sasisho likiharibu mambo, unawasha seva kwa hali ya zamani, unaandika snapper rollback, unawasha upya, kazi inaendelea.

Ubuntu LTS, yaani toleo la msaada wa muda mrefu, inakupa masasisho ya usalama miaka 5 bure, 10 ukiwa na usajili wa Ubuntu Pro. Red Hat nayo ni miaka 10, na msanidi binafsi hupewa hadi mashine 16 bure, kwa hiyo unaweza kuijaribu kabla hujalipa.