Nyumba za reli ya modeli: anza na paa, rangi itafuata

Ndugu yangu wa Mbale, umeuliza kwa nini nyumba ulizopanga kando ya reli yako ya HO zinaonekana za kuchezea hata baada ya kuzipaka rangi upya, na kama inawezekana kujenga stesheni ya kwetu Uganda badala ya zile za plastiki za Faller zenye mbao za Kijerumani ukutani, zilizokuja na treni uliyoletewa na mjomba. Inawezekana, tena kwa pesa kidogo sana, na hii kazi mimi naipenda kwa hiyo nitaandika kirefu, nivumilie.

Kwanza jiulize mtu anayeangalia layout yako, yaani meza yenye reli na nyumba zake, amesimama wapi. Meza iko kiunoni, macho yake yako juu, kwa hiyo kitu anachoona kabla ya kingine chochote ni mapaa. Stesheni ya kweli tunaiona toka chini, tunaona ukuta, milango, veranda, paa ni kaukingo tu huko juu. Kwenye modeli ni kinyume kabisa. Lakini watu wengi wanakesha na madirisha, alafu wakifika kwenye paa wanakata kipande cha manila, wanapaka rangi ya fedha, wanabandika, wamemaliza. Hapo ndipo nyumba inapokufa. Mimi nusu ya muda wangu inaenda kwenye paa na sijawahi kuona muda huo umepotea.

Ila kabla ya paa kuna vipimo. HO ni skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Reli unayotumia ni ya 16.5 mm, ukizidisha kwa 87 unapata ile geji ya Ulaya, yaani nafasi kati ya reli mbili, ya 1,435 mm. Reli yetu hapa ni ya mita moja, toka ilipoanza kujengwa Mombasa 1896 mpaka ilipofika Kampala 1931, kwa hiyo kwa HO ilipaswa kuwa 12 mm. Utakutana na watu watakwambia ujenge kila kitu kwa 1:60 kwa sababu 16.5 mara 60 ni 990, karibu kabisa na mita, na hesabu yao ni sawa, mimi mwenyewe nimejenga hivyo. Lakini mimi mabehewa natengeneza kwa mkono juu ya chasisi za HO. Wewe treni unayo tayari na ni ya 1:87, ukiisimamisha mbele ya stesheni ya 1:60 abiria wako wataonekana watoto wadogo mbele ya mlango. Fuata skeli ya treni, geji iache ilivyo. Namba zote nitakazotaja chini ni za 1:87.

Sasa kupima. Nenda stesheni yenyewe, Tororo au Jinja, mtafute stesheni masta umweleze unachotaka, uombe ruhusa kabla ya kutoa simu, mahali kama hapo askari akiona mtu anapiga picha lazima aulize. Huhitaji kupanda popote na futi kamba. Piga picha ukiwa umesimama wima mbele ya ukuta, usipige kwa pembeni, alafu tafuta ndani ya picha vitu ambavyo saizi yake inajulikana. Bati la zamani la migongo midogo, toka mgongo mmoja mpaka wa pili ni 76 mm, inchi tatu. Hesabu migongo kwenye ukingo wa paa, zidisha, umepata urefu wa paa lote bila kugusa ukuta. Kama kuna tenki la maji lililobaki toka enzi za mvuke, yale ya mapaneli ya chuma ya mraba, paneli moja kwa kawaida ni futi nne kwa futi nne, yaani 1.22 m. Nafasi kati ya reli mbili kwenye picha ni mita moja kamili. Mlango weka 2.1 m mpaka utakapoupima. Ukigawa kwa 87 mlango unakuwa 24 mm, paneli ya tenki 14 mm, na karatasi ya bati ya futi kumi inakuwa 35 mm.

Haya, mabati. Tafuta vile visahani vya aluminiamu wanavyofungia chakula cha kwenda nacho, vioshe kwa sabuni, kata sehemu ya chini iliyo bapa. Foili ya jikoni ni nyembamba sana inachanika, kopo la soda nalo ni gumu mno. Alafu nenda dukani au kwa mafundi wa magari, ukiwa Kampala hata Kiseka, uombe studi ya M5, kile chuma chenye uzi mwili mzima, kinachoingia nati ya spana 8, kipande cha sentimita 30 kinatosha. Studi hiyo ina uzi wa 0.8 mm, toka jino moja mpaka la pili, na ndiyo siri yote, maana 76 mm ukigawa kwa 87 unapata 0.87, tofauti hiyo hakuna jicho litakaloiona. Jirani yako akiwa na OO ya Kiingereza ya 1:76 mwambie achukue M6, uzi wake ni 1 mm kamili. Mimi wa 1:60 natumia M8 ya spana 13, uzi wa 1.25.

Unaweka aluminiamu juu ya soli ya sapatu kuukuu, unaweka studi juu yake, unashika ncha mbili unasukuma mbele kama unasukuma chapati, kwa nguvu, mara moja tu bila kurudi nyuma kwa sababu ukirudi migongo inapandana. Ukiinua utaona bati. Kweli kabisa, bati, lina kila kitu. Lakini angalia vizuri, migongo haijaenda sambamba na mwelekeo uliosukuma, imelala pembeni kidogo, kama digrii tatu, kwa sababu uzi wa studi umezunguka kwa mshazari. Kwa hiyo usikate ukifuata ukingo wa aluminiamu, kata ukifuata mgongo. Ukifuata ukingo, kwenye kipande cha 35 mm migongo miwili itakuwa imetokea upande na paa lote litaonekana limepinda na hutajua kwa nini.

Kata karatasi moja moja. Najua inachosha, kuna mtu atakwambia ukunje paa zima kipande kimoja. Hapana. Fundi wa kweli anapiga bati moja moja, linalalia lenzake mgongo mmoja na nusu, na safu ya juu inalalia ya chini kama sentimita 15, ambayo kwako ni chini ya 2 mm. Anza na safu ya chini, alafu panda kwenda juu, ili maji yasiingie. Mistari hiyo ya kulaliana, na ncha za mabati ambazo hazijalingana sawasawa, ndivyo vinavyofanya macho yaamini. Na acha paa litokeze nje ya ukuta. Stesheni zetu zilijengwa kwa ajili ya jua na mvua ya kwetu, paa linatoka mbele sana linafunika veranda, kivuli chake kinaangukia ukutani, na bila kile kivuli hata ukuta mzuri unabaki mtupu. Chini ya ukingo weka ncha za kenchi, vijiti vya kuchokonolea meno vilivyopasuliwa katikati vinatosha.

Rangi ya bati ipake kabla ya kubandika, kwa mafungu. Piga msasa mwepesi kwanza, aluminiamu haishiki rangi. Mengi yawe kijivu kilichofifia, mengine yakaribie kahawia, na mawili matatu yaache yang'ae kwa sababu kila paa la zamani lina mahali lilipozibwa juzi. Kutu haianzi katikati ya bati. Inaanza kwenye matundu ya misumari na pale mabati yanapolaliana, maji yanapokaa, alafu inateremka kufuata maji. Chukua brashi iliyokauka karibu kabisa, vuta toka kofia ya paa kuja chini, usivute kwa upande hata siku moja.

Kuta: maboksi ya biskuti au kadibodi za vipande wanavyotupa kule Nasser Road kwa wachapishaji, uliza kwa adabu watakupa. Kosa la nyumba nyingi ni ukuta mwembamba. Ukuta wa tofali wa inchi tisa ni 230 mm, kwako ni 2.6 mm, kwa hiyo bandika kadibodi mbili tatu pamoja mpaka ufike hapo, dirisha liingie ndani lipate kina. Paka vanishi pande zote mbili, ndani na nje, upande mmoja tu ukuta utajikunja msimu wa mvua, hasa sisi tulio karibu na ziwa. Na gundi tumia ile nyeupe ya mbao. Gundi ya unga wa muhogo inashika vizuri na ni rahisi ila mende wanaila, utaamka stesheni imefunguka pembeni.

Plasta ni rangi ya maji uliyochanganya na vumbi laini. Usinunue rangi za kung'aa. Na rangi yoyote unayotumia iongeze nyeupe kidogo, kwa sababu kitu kidogo kikipakwa rangi ile ile ya kitu kikubwa kinaonekana cheusi kuliko kilivyo.

Kitu kingine ambacho kwetu lazima kiwepo ni murram. Mvua ikipiga chini inarusha matope mekundu ukutani, kila nyumba Uganda ina ule mkanda mwekundu chini, ndiyo maana wengi wanapaka msingi rangi nyeusi au kahawia ili usionekane. Mkanda huo ni kama nusu mita, kwako 6 mm, ila juu usiwe mstari, ufifie wenyewe. Tumia murram ya kweli, kausha, chekecha kwa stokingi kuukuu, pitisha sumaku juu yake mara kadhaa utoe chembe zinazonaswa kwa sababu zikiingia kwenye mota ya treni utalia, alafu ipake kavu kwa brashi na uifunge kwa heyaspurei kwa mbali. Hakuna rangi ya kopo inayofikia udongo wenyewe.

Ukitaka kuongeza maduka ya Kihindi kama ya Jinja au hapo kwenu Mbale, yale yenye ukuta wa mbele uliopanda juu na mwaka umeandikwa katikati, kumbuka tena mtazamaji yuko juu. Mtaani ule ukuta unaficha paa, kwenye meza yako hauwezi kuficha, ataona mabati yanateremka kwenda nyuma, gata, uani, tenki, kamba ya nguo. Jenga vyote hivyo. Mimi sehemu hiyo ya nyuma ndiyo naipenda kuliko zote.

Chagua mwaka pia na uushike. Kama ni toka 1948 mpaka 1969 herufi kwenye mabehewa na mabao ni za East African Railways and Harbours, alafu ni East African Railways tu, na baada ya jumuiya kuvunjika 1977 ni Uganda Railways. Duka lililopakwa njano ya MTN haliwezi kusimama karibu na injini ya mvuke ya Garratt, kampuni hiyo ya simu imekuja Uganda 1998. Mtu anayejua ataona hilo kabla hajaona kazi yako yote ya mabati, na inauma.

Taa weka mwisho. LED moja ya njano njano kwa chumba, rezista ya kilo-omu moja kama umeme wako ni volti 12, na ndani ya kuta paka nyeusi kwanza, bila hivyo usiku kadibodi yote itawaka.

Anza na kitu kidogo, nyumba ya mlinzi wa geti la reli au stoo ya bidhaa yenye paa la pande mbili tu, usiruke moja kwa moja kwenye stesheni. Kofia ya paa ndiyo itakusumbua, unaikunja juu ya waya wa baiskeli alafu unaipiga kidogo kwa nyuma ya kijiko ifuate migongo. Ukishindwa weka picha hapa niangalie.