Kabla ya kumnyang'anya simu, tazama anavyosubiri jibu

Wazazi wa hapa Goma wananiletea swali moja tu: mtoto ana miaka 15, analala na simu mkononi, tufanye nini? Mimi ninalea vijana wa kwaya kule Katindo na nina wengine nyumbani, kwa hiyo swali hilo ni langu pia. Ninawaambia wasianze na kuhesabu saa. Wamtazame kijana anavyosubiri jibu.

Kuna msichana akishaona tiki mbili za buluu na rafiki yake hajajibu, anatuma ujumbe mwingine, "Nimekukosea nini?", kisha anapiga, kisha analia. Kuna mvulana akiumizwa katika gurupu anatoka kimya, anafuta namba, na ukimuuliza anasema hakuna shida. Na kuna yule anayesema, "Labda hana mega za intaneti, au kwao umeme umekatika," anaweka simu chini na kwenda kuchota maji. Simu ni zile zile. Mioyo ndiyo ilizoea mambo tofauti, tena zamani, kabla ya WhatsApp kuingia nyumbani.

Daktari Mwingereza John Bowlby alifundisha kwamba tangu utotoni mtu anajijengea matarajio: nikiita, kuna atakayekuja? Mary Ainsworth alilifuatilia jambo hilo hapa jirani, Uganda, mwaka 1954 na 1955, akiwatembelea akina mama na watoto wao katika vijiji vya karibu na Kampala. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, alitofautisha watoto waliotulia, wenye wasiwasi na wanaojiepusha. Nawasihi wazazi wasiyageuze majina hayo kuwa muhuri kwenye paji la uso wa mtoto. Matarajio hayo hubadilika mtoto akipata watu wa kutegemewa.

Tena watoto wetu wana sababu zao. Mwaka 2021 walikimbia volkano ya Nyiragongo usiku. Januari 2025 vita viliingia mjini, na wengine walitengana na rafiki zao bila hata kuagana. Mmoja yuko Bujumbura, mwingine Kampala, mwingine Kinshasa, na darasa lao limebaki ndani ya gurupu tu. Ukimnyang'anya simu mtoto kama huyo kwa hasira, unamtenga na rafiki mara ya pili.

Kwa mwenye wasiwasi, kilichosaidia kwangu ni kuwa mtu anayeeleweka. Nikisema nitarudi saa kumi na moja, ninarudi saa kumi na moja. Nikichelewa, ninamjulisha mapema. Simwambii aache ujinga. Ninakaa naye mpaka jibu lije, au mpaka aone kwamba hata lisipokuja bado yuko salama. Polepole ujumbe wa pili unapungua.

Anayejiepusha usimkalishe kitini umhoji, maana atafunga mlango zaidi. Mpe kazi mfanye pamoja, kutwanga sombe au kufua, macho yenu yakiwa kwenye kazi. Maneno yatatoka yenyewe, machache, na uyapokee bila mahubiri. Mtume pia soko la Virunga, apatane bei mwenyewe, awasalimie wazee njiani, akataliwe na muuzaji mmoja aende kwa mwingine. Kuongea na watu kunajifunzwa kwa mdomo, mbele ya nyuso zao.

Katika kwaya tuna sharti: ugomvi haumalizwi kwa kuandika. Maandishi hayana uso wala sauti, na mwenye hofu hujaza pengo hilo kwa mabaya. Kama rafiki yuko mjini, mnaonana. Kama yuko mbali, mnapigiana. Ninawafundisha hata sentensi ya kuanzia: "Niliumia uliponyamaza, nataka kujua kulikuwa na nini." Mara ya kwanza midomo inatetemeka, na wengine wanaomba niwe karibu. Ninakaa karibu.

Usiku simu za nyumbani kwangu zinalala sebuleni, na yangu pia.

Jambo moja halisubiri: mtu asiyejulikana anayeomba picha, au anayemwambia mtoto afiche mazungumzo yao. Mtoto mwenye kiu ya kujibiwa ananaswa upesi na anayejibu kila saa. Wengi hawasemi kwa sababu wanajua simu itachukuliwa. Kwa hiyo mwambie leo, kabla halijatokea: "Ukija kunieleza, simu itabaki yako, na huyo mtu tutamzuia pamoja asikuandikie tena."