Mchanga, mkaa au kanga? Maswali yenu ya maji ya tope

Mvua zimeshusha kila kitu kwenye malambo na visima, na wiki hii karibu wote mnauliza kitu kimoja. Twende.

Mama, Newala: Maji ya lambo yamekuwa kama chai ya maziwa. Nichujie mchanga au mkaa?

Mchanga mama, ila usiyamwage hivyohivyo utajuta. Ule udongo wa mfinyanzi chembe zake ni ndogo mno na zote zina chaji hasi, zinasukumana tu hazishikani wala hazizami, kwa hiyo zinapenya kwenye mchanga au zinauziba. Zigandishe kwanza. Chukua mbegu kavu za mlonge, menya, twanga ziwe unga laini, kijiko kidogo kimoja au viwili kwa ndoo ya lita 20, ukoroge kwanza na maji kidogo kwenye kikombe ndo umimine, afu koroga ndoo kwa kasi dakika moja na taratibu dakika kumi hivi, funika saa moja au zaidi. Mi mara ya kwanza nilikuwa nachungulia na tochi kila saa, unaona vinyuzinyuzi kama maziwa yaliyokatika vinashuka. Hayo ya juu ndo yaende kwenye mchanga. Shabu nayo inafanya kazi hiyo. Ila maji ya mlonge yatumie siku hiyohiyo, yakilala yananuka.

Mkaa wenyewe ni wa harufu na ladha, uweke mwishoni maji yakishakuwa meupe. Na ujue meupe sio salama, bado unachemsha au unaweka klorini.

Kaka, Msimbati: Mchanga wa ufukweni si uko bure?

Uko bure na chumvi yake kaka, na vipande vya makombe. Weka kiganjani, tonea siki, ukichemka povu hiyo ni chokaa, itayafanya maji yawe magumu na sabuni igome kutoa povu. Tafuta wa mtoni au wa mawe yaliyopondwa, uchekeche ubaki na punje ndogo, kama chumvi laini ya mezani. Afu osha, na sio kuosha kwa kuzugia: jaza nusu chupa, ongeza maji, tikisa, subiri kidogo, maji yakiwa bado kama uji rudia.

Lindi Mjini: Nichome maganda ya korosho yawe mkaa wa chujio?

Hapana. Yana mafuta yanayobabua ngozi, wabanguaji wanajua vidole vyao vinavyokuwa, na tanuru la uani huwezi kuhakikisha yameisha yote.

Shangazi, Mikindani: Kanga iliyokunjwa mara nne inatosha?

Shikamoo shangazi. Kwa majani na wadudu sawa, kwa tope hapana. Itangulize ipunguzie mchanga kazi, na iwe kuukuu, nyuzi zimekaribiana.

Kijana, Masasi: Chujio langu la mchanga sasa linadondosha tone tone, nimwage wote niweke mwingine?

Usimwage! Juu pale kuna utando wa vijidudu vilivyojijenga wiki kadhaa, ndo unaokamata vimelea, ukibadilisha wote unaanza sifuri. Parua sentimita 1 au 2 za juu tu, na siku zinazofuata uchemshe kwa uhakika mpaka utando urudi. Mchanga wenyewe usiuache ukauke, maji yabaki sentimita 5 hivi juu yake hata ukisafiri.